Jinsi ya Kupima Raba za Bamba la Kaboni Kabla Hujalipa

Ukienda msitu wa Karura, Nairobi, Jumamosi asubuhi utaziona raba za bamba la kaboni kwenye miguu ya watu wa kila aina: anayejiandaa kwa kilomita 10 na anayelenga marathoni kamili. Zikiwa mpya, nyingi hupita shilingi 30,000 za Kenya, na bado wanunuzi wengi huchagua kwa rangi na kwa jina la bingwa aliyezivaa. Kazi yangu ni kuwasaidia wakimbiaji wa kawaida kuchagua viatu, na swali langu la kwanza huwa moja: kiatu hiki kitaushikaje mguu wako ukishachoka? Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni kwa saa 1:59:40 kule Vienna mwaka 2019, kila kilomita ilimchukua takriban dakika 2 na sekunde 50. Wewe unayeenda kilomita kwa dakika 6, mguu wako unakaa chini muda mrefu zaidi kila unapokanyaga, na kiatu kilekile utakihisi tofauti.

Hatua ya 1: Jua kilichomo ndani ya soli

Kuna sponji nene, na katikati yake bamba jembamba la kaboni lililopinda. Wengi hudhani bamba ndilo springi. Kazi yake hasa ni kuifanya soli iwe ngumu kukunjika, ili vidole visipoteze nguvu, na kuituliza sponji laini isiyumbe. Nguvu inayorudi mguuni hutoka zaidi kwenye sponji. Zile za kiwango cha juu hutumia PEBA, sponji ya aina ya plastiki ambayo ni nyepesi na hurudi upesi ikibonyezwa. Kwa hiyo muuzaji akisema "hii ina kaboni," muulize sponji ni ya aina gani. Bamba likiwekwa kwenye sponji duni, unalipia ugumu tu.

Hatua ya 2: Kipime kwa mikono

Kiweke mezani ukitazame kwa nyuma. Soli iliyo pana kidogo chini ya kisigino hutulia. Iliyo nyembamba na ndefu kwenda juu huyumba. Bonyeza sponji kwa dole gumba pembeni, kisigino kwanza halafu mbele. Iingie bila kukaza, kisha irudi papo hapo. Halafu ingiza mkono ndani upapase mishono, hasa pale kidole kidogo kinapokaa. Ukiuhisi ukingo kwa mkono, kwa kilomita 30 utakuwa lengelenge.

Angalia ulimi pia. Wa raba hizi huwa mwembamba sana ili kupunguza uzito, na kamba zikikazwa hukata juu ya mguu. Kama unashindana rasmi barabarani, kumbuka World Athletics, shirikisho la riadha duniani, hairuhusu unene wa soli kupita milimita 40 wala bamba zaidi ya moja, na madukani zipo zinazopita kipimo hicho.

Hatua ya 3: Vaa jioni, na soksi zako za mbio

Mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na huvimba zaidi mbioni. Acha nafasi ya upana wa dole gumba mbele ya kidole kirefu zaidi. Vaa vyote viwili, kwa sababu miguu ya watu wengi hailingani.

Hatua ya 4: Simama kwa mguu mmoja

Hapa usiharakishe. Simama kwa mguu mmoja, kunja goti taratibu kama anayetaka kukaa kwenye stuli, na mwenzako akutazame kwa nyuma. Kifundo kikianguka ndani, au vidole vikiikamata soli ili usianguke, kiatu hicho hakikufai, hata kama ni chepesi kama unyoya. Ukiwa na nguvu unaweza kukidhibiti. Mwishoni mwa mbio misuli ya nyonga imechoka, na hapo mayumbo yote huishia gotini na kwenye kano ya kisigino. Rudia kwa mguu wa pili, kisha shuka ngazi polepole. Kisigino kikichomoka, pitisha kamba kwenye tundu la mwisho kabisa la juu ukaze upya. Kikichomoka tena, jaribu aina nyingine.

Sikiliza pia upande wa ndani wa wayo. Raba nyingi za mashindano ni nyembamba hapo, na msukumo mdogo unaousikia dukani hauishi kwa kuzoea.

Hatua ya 5: Kimbia nacho

Omba ruhusa ukimbie nje ya duka. Anza kwa kasi ya mashindano, kisha kwa mwendo wa mtu aliyechoka, kwa sababu huo ndio utakaokuwa nao kilomita za mwisho. Kata kona kali kwenye kabro, yaani matofali ya kutandika njia, kisha tafuta mteremko mdogo. Raba hizi zimeundwa kwa lami. Kwenye murramu yenye kokoto soli nene huuyumbisha mguu, na mpira mwembamba wa chini huliwa haraka. Kama mazoezi yako mengi ni ndani ya Karura au msitu wa Ngong Road, nunua raba ya kawaida kwa huko, na hii uiweke kwa lami.

Hatua ya 6: Ukinunua mtumba

Kwenye masoko ya mitumba ya Gikomba na Toi raba hizi zipo, na nyingine ni nzima kabisa. Ziweke sakafuni: ikilalia upande mmoja, iache. Tazama pembeni mwa sponji. Mikunjo mingi myembamba iliyolala ina maana imeshabanwa sana. Bonyeza cha kulia na cha kushoto kwa zamu, vikitofautiana, usilipe. Bamba huweza kubaki zima wakati sponji imeshakufa.

Hatua ya 7: Uzoeshe mguu

Anza na mbio fupi mara moja kwa wiki, kisha uzivae kwenye mazoezi ya kasi. Zisiwe za kila siku. Shavu la mguu kuuma kidogo mwanzoni si ajabu. Lakini ukisikia maumivu juu ya mguu, mahali unapoweza kupaonyesha kwa ncha ya kidole, zivue na usikimbie: madaktari wa michezo wameripoti nyufa za mifupa ya mguu kwa wakimbiaji waliovaa raba hizi. Muone daktari kabla ya kurudi barabarani.