SOMO: Kutembea kwa miguu Rio de Janeiro, mitaa ya bandari ya zamani

Wakuu, salaam. Hili ni somo kwa atakayefika Rio de Janeiro akawa na nusu siku isiyo na kazi. Sizungumzii Copacabana wala ile sanamu ya Yesu mlimani, maana huko unafuata tu watu. Nazungumzia Saúde na Gamboa, mitaa ya bandarini ambayo wenyeji huiita Pequena África, yaani Afrika Ndogo.

Kwanza niseme kwa nini nasisitiza uende na mtu wa kukuongoza. Nilikaa Rio miezi minane nikisoma. Wiki ya pili nilijipeleka bandarini peke yangu, ramani ya simu mkononi. Nikapita kando ya shimo pana lenye mawe ya kale, nikadhani ni mtaro unakarabatiwa. Nikanunua dafu, nikanywa nikiwa nimeligeuzia mgongo lile shimo, nikarudi zangu nyumbani. Kumbe ndilo gati la Valongo, ambapo kwa makadirio ya UNESCO waliteremshwa Waafrika wapatao laki tisa. Mimi, mjukuu wa bibi wa Kimakua wa Masasi, nimelipita kama mtu anayepita stendi!

Mitaa ile haijielezi. Vibao vipo, ila ni vichache na vya Kireno, na mambo mazito yako chini ya miguu yako.

Hatua ya 1: Chagua mwongozaji, usichukue wa kwanza

Kuna matembezi ya kundi ambayo hulipii mwanzo, unatoa bakshishi mwishoni. Kuna waongozaji binafsi wa kulipwa kwa mapatano. Halafu kuna matembezi yanayoandaliwa na Instituto Pretos Novos, taasisi iliyopo Gamboa kwenyewe. Mimi nimejaribu ya bakshishi mara mbili. Mwongozaji wa kwanza alituendesha mchakamchaka, habari nyingi zikiwa za pombe na wapi pa kucheza usiku. Wa pili alikuwa mwalimu wa historia anayeishi hukohuko. Tulitembea saa tatu na nusu, na hakuna aliyeangalia saa.

Kabla hujakubali, uliza maswali mawili tu: Tunaingia Pretos Novos, au tunapita nje? Tunapanda kilima cha Morro da Conceição? Akianza kuzunguka kwenye jibu la kwanza, tafuta mwingine.

Hatua ya 2: Siku na mavazi

Nenda kati ya Jumanne na Jumamosi, asubuhi. Jumatatu makumbusho mengi yamefungwa, na Jumapili mitaa ya katikati ya mji hubaki mitupu kiasi cha kukutia wasiwasi. Desemba hadi Machi joto lake mtu wa Dar analielewa vizuri, kwa hiyo beba maji. Vaa raba. Kandambili ni vazi la kawaida kwa Mkarioka, yaani mwenyeji wa Rio, lakini kuna mwamba wa kupanda na mawe yake yanateleza.

Hatua ya 3: Anzia Praça Mauá, lakini usikae

Utafika kwa treni ndogo ya umeme ya mjini, wanaiita VLT, unashuka kituo cha Parada dos Museus. Hapo kuna makumbusho mawili: MAR, ya sanaa, ya mwaka 2013, na Museu do Amanhã ya 2015, jengo jeupe lililochomoza majini kama mifupa ya samaki. Piga picha, songa mbele. Yatakusubiri siku nyingine.

Hatua ya 4: Largo da Prainha na Pedra do Sal

Fuata Rua Sacadura Cabral dakika chache, utatokea Largo da Prainha. Jina lake maana yake ni ufukwe mdogo, na hapo mwongozaji mzuri atakuuliza, "Ufukwe uko wapi?" Hutauona. Bahari ilikuwa inafika hapo hapo. Mwanzoni mwa karne ya 20 walifukia maji ili kujenga bandari mpya, ndiyo maana leo unatembea nchi kavu mahali ambapo mababu wa watu hawa waliona mashua. Hapo pia kuna sanamu ya Mercedes Baptista, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa mcheza baleti wa Theatro Municipal ya Rio. Amesimama katikati ya meza za baa, watu wanamwegemea wakinywa bia. Sijui angesema nini.

Pedra do Sal, Mwamba wa Chumvi, uko nyuma yake tu. Chumvi ilikuwa inashushwa hapo, na ngazi unazozipanda zilichongwa mwambani kwa mikono ya watumwa. Baadaye wakaja wahamiaji weusi kutoka Bahia, wakawa makuli wa bandari, na jioni ngoma zikalia. Samba ya Rio ilikulia kati ya watu hawa. Utasikia sana jina la Tia Ciata, mama wa Kibahia aliyekuwa mganga na mpishi wa vitumbua, nyumba yake ikiwa kimbilio la wapiga ngoma wakati polisi walikuwa wanawakamata. Waongozaji wengine husema nyumba yake maarufu ilikuwa hapo mwambani. Si kweli, ilikuwa Praça Onze, mbele kidogo, ingawa watu ni walewale. Wimbo uliosajiliwa Maktaba ya Taifa mwaka 1916 kwa jina la mwanamuziki Donga na kuitwa samba, "Pelo Telefone", unahusishwa na mikusanyiko ya nyumba ile.

Jumatatu usiku kuna samba ya wazi mwambani. Rudi, ila ukiwa na wenzako.

Hatua ya 5: Panda kilima, ushukie bustanini

Ngazi za mwamba zinakupeleka Morro da Conceição, kilima chenye nyumba za Kireno za rangi rangi na wazee wanaocheza karata mlangoni. Pametulia. Wasalimie "bom dia", usiwapige picha kabla hujaomba.

Upande wa pili unateremkia Jardim Suspenso do Valongo, bustani ya mwaka 1906 iliyojengwa juu ya ukuta mrefu. Ina sanamu nne za miungu ya Kirumi. Asili yake zilipamba gati lile ninalokupeleka sasa, na zilizopo bustanini ni nakala. Zikumbuke, maana bandarini utaelewa zilikuwa zinafunika nini.

Hatua ya 6: Valongo

Hapa mwambie mwongozaji wako asiharakishe.

Zamani watumwa walishushwa na kuuzwa katikati ya mji, karibu na ikulu. Wakubwa wakachoka kuwaona. Miaka ya 1770 makamu wa mfalme wa Ureno, Marquês do Lavradio, akaagiza biashara ihamie huku pembeni. Yaani kero yao haikuwa biashara, ilikuwa kuiona. Gati la mawe likajengwa mwaka 1811. Mwaka 1831 sheria ikapiga marufuku kuingiza watumwa, lakini magendo yaliendelea miaka mingine karibu 20, na utumwa wenyewe ulifutwa tarehe 13 Mei 1888, Brazil ikiwa ya mwisho katika mabara ya Amerika.

Sasa sikiliza walivyolizika. Mwaka 1843 binti wa kifalme kutoka Napoli, Teresa Cristina, alikuwa anakuja kuolewa na Pedro II, mfalme wa Brazil. Mji ukaona haya kumshusha pale, wakapanga mawe mapya, yaliyochongwa vizuri, juu ya yale ya zamani, wakaweka na miungu ya Kirumi. Mwaka 1911 vyote viwili vikafukiwa, ukatengenezwa uwanja. Miaka 100 kamili ikapita. Mwaka 2011, mji ukijiandaa kwa Olimpiki, mashine zikachimba na wanaakiolojia wa Museu Nacional wakayakuta matabaka yote mawili. Mwaka 2017 likaingia orodha ya UNESCO.

Ukisimama ukingoni utayatofautisha kwa macho. Juu kuna mawe ya mstatili ya binti mfalme. Chini kuna mawe ya duara, makubwa kwa madogo, yamebanwa bila mpango. Sakafu ya namna hiyo huitwa pé de moleque, mguu wa mtoto. Neno moleque ni la Kimbundu cha Angola. Jina hilohilo ni la kashata zao za karanga na sukari guru, nadhani kwa sababu zina mabonge mabonge kama sakafu ile. Mwalimu wetu alitugawia kipande kila mtu tukiwa tumesimama pale. Nilipotafuna nikapata ladha ya kashata za getini shuleni, nikashindwa kumeza.

Kwenye udongo walikuta shanga, kauri, pete za shaba, viko vya tumbaku. Vitu vya watu waliovuliwa kila kitu, lakini wakaja navyo au wakavitengeneza upya.

Hatua ya 7: Pretos Novos

Dakika chache mbele, Rua Pedro Ernesto. Ni nyumba ya kawaida. Mwaka 1996 familia moja ilikuwa inaikarabati, mafundi wakachimba wakatoa mifupa ya watu. Wakadhani kuna mauaji yamefanyika. Yalikuwa makaburi ya "weusi wapya", waliofika wakiwa hai wakafa kabla ya kuuzwa. Daftari la mazishi la miaka 1824 hadi 1830 pekee limeandika mazishi ya zaidi ya watu 6,000. Hawakuzikwa kama tunavyozika. Walitupwa mashimo mafupi, mifupa ikachomwa na kupondwa, takataka za mji zikamwagwa juu. Mwaka 2017 ilikutwa mifupa ya kwanza iliyokamilika ya mtu mmoja, mwanamke kijana, wakampa jina la Bakhita, kwa kumkumbuka yule mtakatifu mzaliwa wa Sudan.

Leo unatazama chini kupitia vioo sakafuni. Kamera weka mfukoni.

Watembezaji wengi huanzia huku na kumalizia kwa samba ili wageni waondoke na furaha. Mimi nasema mpangilio wangu ni bora. Ukianza na mwamba na ngoma, ukafika hapa mwisho, utajua ngoma zilikuwa zinajibu nini.

Hatua ya 8: Kula

Rudi Largo da Prainha, agiza angu. Ni ugali laini wa mahindi unaomwagiwa mchuzi wa utumbo na maini. Unga wake wanauita fubá, neno la Kimbundu pia. Zamani wachuuzi weusi waliuuza kwenye masufuria barabarani. Wazungu waliokuwa kwenye kundi letu waliuonja kwa ncha ya kijiko. Mimi niliongeza.

MASWALI

Mzaramo Halisi: Mkuu, somo limeshiba. Bakshishi kiasi gani? Nisije nikaonekana bahili.
*Jibu:* Angalia wenyeji wanatoa ngapi, toa hiyo au zaidi kidogo. Beba reais za noti ndogo, usimpe noti kubwa ukasubiri chenji, ni aibu. Na bakshishi hiyo ndiyo mshahara wao, hakuna mwingine anayewalipa.

Dada wa Mwanza: Kaka, usalama vipi? Video tunazoziona za Rio zinatisha.
*Jibu:* Dada, mchana na kundi sijawahi kupata shida. Vibaka wapo kama Kariakoo. Simu isikae mkononi barabarani, ingia dukani ndipo uitoe. Vichochoro vya Gamboa baada ya giza usijaribu peke yako, na kilima cha Providência usipande bila mwenyeji anayejulikana huko.

Bint Kilwa: Je, kati ya hao laki tisa, walikuwepo watu wa pwani yetu?
*Jibu:* Wengi walitoka Kongo na Angola. Lakini kutoka upande wetu wa bahari walipelekwa wengi pia, hasa karne ya 19, kupitia Kisiwa cha Msumbiji, Quelimane na Inhambane. Rio waliandikwa kwa majina ya bandari hizo, kama kabila: "Moçambique", "Quelimane". Wamakua walikuwamo, na Wamakua hawakujua mpaka wa Ruvuma. Mwalimu aliposoma orodha ile kwa sauti, nilimwambia bibi yangu ni Mmakua. Alinyamaza kidogo, akaniomba nilitamke jina hilo tunavyolitamka sisi. Nikalitamka. Kundi zima likalirudia.

Mwanafunzi wa Lugha: Maneno mengine ya kufanana na ya kwetu?
*Jibu:* Tahadhari, usikimbilie kusema ni Kiswahili. Ni ya kibantu ya magharibi, ndugu wa mbali. Quitanda ni duka la mboga na matunda, kwa sababu Kimbundu kitanda ni soko. Siku ya kwanza jirani aliponiambia anakwenda kununua ndizi "na quitanda" nilibaki nimeduwaa. Caçula ni kitindamimba. Kwenye jongo, ngoma ya kale ya wakulima weusi, kuna maeneo wanaiita ngoma yao angoma. Hiyo huhitaji mkalimani.

Mama Wawili: Shikamoo kaka, nitakuwa na mama yangu, magoti yanamsumbua. Ataweza?
*Jibu:* Marahaba dada. Ruka Hatua ya 5 yote. Muonyeshe Pedra do Sal akiwa chini, kisha chukueni teksi hadi Valongo, kutoka hapo hadi Pretos Novos ni tambarare. Njia ya mawe ina mashimo, mshike mkono.

Baharia Mstaafu Mtarajiwa: Kijana, meli yetu hufunga Pier Mauá, mara nyingine tunapata saa mbili tu za kutoka. Nifanyeje?
*Jibu:* Shikamoo mzee. Wewe una bahati, umeshafika tayari. Acha makumbusho, acha kilima. Nyoosha Sacadura Cabral, dakika kumi mwambani, kisha Valongo, halafu ukiona muda unaruhusu ingia Pretos Novos. Angu nunua wakati wa kurudi, wanakufungia, ukale melini.