Kuwasha reflekta za ubavuni za Kombi bila kuziua

Marekani ilianza mwaka 1968 kudai magari mapya yawe na reflekta au taa pembeni, ndiyo maana Kombi za Volkswagen zilizouzwa huko zina vile vipande vya plastiki, cha rangi ya chungwa mbele na chekundu nyuma. Ikiwa yako inazo, au umezifunga mwenyewe, unaweza kuzifanya taa zinazowaka pamoja na taa za pakingi. Sharti moja tu: reflekta ibaki reflekta. Kombi ikizimika usiku Thika Road na betri imekufa, taa uliyotengeneza haina msaada wowote. Reflekta haihitaji umeme.

Kwanza elewa jinsi inavyofanya kazi, maana hapa ndipo wengi huharibu. Upande wa nyuma wa plastiki una vipembe vidogo vidogo vilivyopangwa. Mwanga wa gari lingine ukiingia, unagonga kuta za vipembe na kurudi ulikotoka. Unarudi kwa sababu nyuma ya vipembe kuna hewa tu. Ukipaka gundi au silikoni pale, au maji yakiingia na kukaa, mwanga unapita moja kwa moja na sehemu hiyo inakuwa nyeusi usiku. Kwa hiyo usijaze chochote nyuma ya kioo (ndivyo tunavyoita plastiki hiyo ya mbele), hata kama fundi anakwambia ni kwa ajili ya kuzuia maji.

Vifaa kwa taa nne: LED 24 za milimita 5 zenye kichwa bapa (12 za chungwa, 12 nyekundu), rezista 8 za kupunguza mkondo, za omu 470 na nusu wati, dayodi 8 za 1N4007 (hupitisha umeme upande mmoja tu), ubao wa matundu wa kulehemu, waya wa milimita 0.5 za mraba wa rangi mbili, vipira vya kupitishia waya kwenye bati, na mirija ya kusinyaa kwa joto. Hivi vya elektroniki, hapa Nairobi, utavipata Luthuli Avenue. Waya, fyuzi na reflekta zenyewe tafuta Kirinyaga Road. Ukinunua reflekta mpya chagua nene, yenye nafasi ya ndani isiyopungua milimita 15. Zile nyembamba za kubandika hazifai kwa kazi hii.

Rangi ya LED ifanane na rangi ya kioo. LED nyeupe nyuma ya kioo chekundu inapoteza sehemu kubwa ya mwanga wake, na kinachotoka kinaelekea waridi. Balbu ya kawaida ya wati 5 nayo usiiweke: ndani ya kiboksi kidogo kilichofungwa joto lake linapinda plastiki.

Fungua reflekta kutoka kwenye bodi. Nyingine zina skrubu mbili za mbele, nyingine zina nati upande wa ndani, na nati hizo huwa zimeshika kutu. Zipulizie mafuta ya kulegeza siku moja kabla. Kutenganisha kioo na mgongo wake, loweka kwenye maji ya moto (yasiwe ya kuchemka) kwa dakika chache, kisha pitisha wembe mwembamba kwenye mshono polepole ukizunguka pande zote. Ukilazimisha upande mmoja, kioo kinapasuka kwenye kona.

Kila taa ina mistari miwili. Mstari mmoja ni dayodi moja, rezista moja na LED tatu zilizofuatana, mguu mrefu wa kila LED ukitazama upande wa chanya. LED tatu za chungwa au nyekundu zinakula takriban volti 6.2, dayodi 0.7. Injini ikichaji kwa volti 14.4, zinabaki 7.5 kwa rezista, yaani miliampia 16. LED hizi hustahimili 20, kwa hiyo ziko salama. Lehemu haraka, sekunde mbili au tatu kwa kila mguu, kisha jaribu kwenye betri kabla ya kufunga chochote. Risasi ya kulehemia iliyoshika vizuri inang'aa na kupanda kidogo kwenye mguu wa LED. Ikiwa imekaa kama tone la kijivu juu ya shaba, pasha tena.

Bandika ubao kwenye mgongo wa reflekta, LED zikiwa milimita 10 hivi kutoka kwenye vipembe. Kama kioo chako kina ukanda laini usio na vipembe, elekeza LED hapo, ndipo mwanga unatoka bila kuvunjwavunjwa. Toboa tundu la milimita 2 upande wa chini kabisa ili unyevu utoke. Rudisha kioo kwa uzi mwembamba wa silikoni kwenye mshono pekee, na isiwe ile yenye harufu ya siki, kwani asidi yake inakula shaba ya waya na ubao.

Kwenye bodi toboa tundu la milimita 8 nyuma ya reflekta. Paka praima kwenye ukingo na uiache ikauke kabla ya kuweka kipira. Bati lililotobolewa likaachwa wazi litaanza kutoa kutu mvua za masika zikipita mara moja tu.

Umeme chukua kwenye waya wa kijivu. Kwa rangi za Volkswagen, kijivu chenye mstari mweusi ni pakingi ya kushoto, kijivu chenye mstari mwekundu ni ya kulia, na kahawia ni wa bodi, yaani upande hasi. Hakikisha kwa testa, maana gari la umri huu limepita mikononi mwa watu wengi. Mbele, Kombi za soko la Ulaya zina balbu ya pakingi ndani ya taa kubwa. Za Marekani iko pamoja na indiketa. Usichukue umeme kwenye waya mwekundu unaotoka betri, taa hazitazimika. Taa zote nne zinakula takriban miliampia 130, kwa hiyo fyuzi ya ampia 8 iliyopo inatosha. Ila zitoe fyuzi zile za kauri, sugua ncha zake na vishikio kwa msasa laini; nusu ya matatizo ya taa za Kombi yako hapo.

Maswali ya wanachama

Fundi, kwa nini nisikate tu ukanda wa LED wa volti 12?

Ukanda ule umepimiwa volti 12 kamili. Vipande vingi vya taa nyeupe vina LED tatu na rezista ya omu 150 hivi. Ukifika volti 14.4 mkondo unakaribia kuongezeka maradufu. Utawaka vizuri mwezi, kisha kipande kimoja kimoja kitaanza kumeta na kufa.

Nikikanyaga breki, taa ya ubavuni ya nyuma inawaka kidogo ilhali pakingi zimezimwa. Nimekosea wapi?

Hujakosea kwenye taa mpya, ndugu. Taa yako ya nyuma imepoteza waya wa bodi. Balbu ya breki na pakingi ni moja yenye nyuzi mbili. Umeme wa breki ukikosa njia ya kwenda bodi, unarudi kupitia uzi wa pakingi na kuingia kwenye waya wa kijivu. Safisha sehemu waya wa kahawia unapofungwa mpaka chuma kionekane. Ukishamaliza, washa taa na upime kati ya hasi ya betri na bodi ya taa: isizidi volti 0.1.

Za mbele zinaweza kumeta pamoja na indiketa?

Zinaweza. Usifunge waya wa pili kwenye bodi, ufunge kwenye waya wa indiketa ya upande huo. Sasa umeme utapita pande zote mbili, kwa hiyo badala ya dayodi moja kwa kila mstari weka daraja la dayodi nne (bridge rectifier) kwa taa nzima. Pakingi zikiwa zimezimwa, taa itameta pamoja na indiketa. Zikiwashwa, itapishana nayo. Balbu za indiketa na pakingi lazima ziwe za nyuzi, kwa sababu taa inapata njia ya bodi kupitia nyuzi hizo.

Yangu ni ya kioo cha mbele kilichogawanyika, betri volti 6.

LED mbili kwa kila mstari badala ya tatu, na rezista ya omu 150. Dayodi ibaki. Mwanga utafifia injini ikiwa imezimwa, ukikolea ikianza kuchaji. Pima betri kwanza, kwani nyingi za kabla ya 1967 zimeshabadilishwa kuwa volti 12.