Jinsi ya kujua kama buluu ya kipepeo ni rangi au ni umbo

Ukimshika kipepeo bawani, vidole hubaki na unga. Unga huo ni magamba, kila moja likiwa na urefu wa kama milimita 0.1 hadi 0.2, na ndiyo yanayobeba karibu rangi yote. Tafuta kipepeo aliyekwisha kufa, mwenye buluu inayong'aa kama chuma. Morpho wa Amerika ya Kusini ndiye mwalimu bora. Andaa pia tochi na spiriti isiyotiwa rangi.

Hatua ya 1: Inamisha bawa chini ya taa. Rangi inayotokana na umbo, yaani mpangilio wa sehemu ndogo mno za gamba badala ya kemikali ya rangi, mara nyingi huhama au hufifia ukibadilisha pembe. Ila usihukumu mapema, kwani Morpho hubaki buluu hata ukimtazama kwa upande.

Hatua ya 2: Mulika kwa nyuma. Buluu itapotea, ubaki na kahawia. Hiyo ni melanini, kemikali ya rangi nyeusi au kahawia. Kazi yake ni kumeza mwanga usiotakiwa, buluu ionekane imekolea.

Hatua ya 3: Dondosha tone moja la spiriti. Maji hayafai, yanateleza juu ya bawa. Spiriti hupenya, na papo hapo buluu inageuka kijani. Usiondoe macho: ikianza kukauka, buluu hurudi ikianzia ukingoni mwa doa.

Kilichotokea ni hiki. Juu ya gamba la Morpho kuna matuta sambamba kama ya shamba, na ubavuni mwa kila tuta kuna rafu nyembamba za kaitini (kitu kigumu kinachojenga gamba), zikiachana kwa takribani nanomita 200 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), katikati hewa. Kila rafu hurudisha mwanga kidogo. Mawimbi ya buluu, yenye urefu wa nanomita 450 hivi, hurudi kilele juu ya kilele, yakapeana nguvu. Mengine hupishana na kufifishana. Spiriti ikijaza mahali pa hewa, mwanga hupita humo polepole zaidi, kana kwamba nafasi zimepanuka. Sasa linalopatana na nafasi hizo ni wimbi refu zaidi, yaani kijani.

Bawa la njano lisilobadilika hata kidogo? Hiyo ni rangi ya kweli, ya kikemikali.

Hatua ya 4: Hadubini, kama unayo. Mara ya kwanza niling'oa magamba kwa utepe wa gundi, nikaambulia vipande vilivyofifia. Gundi ikiingia kati ya rafu hufanya kama spiriti, tena haikauki ikaondoka. Tumia brashi laini, uyapukutishe juu ya kioo kikavu.

Washa taa ya chini: kahawia. Izime, umulike tochi kutoka juu: gamba linawaka buluu. Ukikuza vya kutosha utaona matuta kama mistari. Rafu zenyewe usizitafute. Ni ndogo kuliko wimbi la mwanga unaozimulikia, kwa hiyo huonekana kwa hadubini ya elektroni tu.