Kusoma riwaya ya mahakamani kwa sauti: kutoka ruhusa ya mwandishi hadi faili la mwisho

Riwaya ya mahakamani humsumbua msomaji wa kitabu cha sauti kwa namna yake. Hadithi ya mapenzi unaweza kuisoma ukiwa umeshachagua upande, na msikilizaji akakufuata kwa furaha. Ya kesi hapana. Humo kila shahidi anaweza kuwa mwongo, mawakili wanatukanana kwa lugha ya heshima, na aliyekusikiliza saa nane nzima anataka afike kwenye hukumu akiwa bado anabishana na nafsi yake. Ukimpa mshtakiwa sauti ya jambazi tangu anapopandishwa kizimbani, umeshahukumu kabla ya jaji. Mengi nitakayoeleza hapa, hata ya maikrofoni, yanahusu jinsi ya kusoma bila kupendelea.

Nachukulia kwamba una riwaya ya Kiswahili, kesi yenyewe ni ya mauaji na inasikilizwa Tanzania, na unarekodia nyumbani. Aliye Kenya atabadilisha vifungu na majina ya mahakama, basi.

Hatua ya 1: Ruhusa, tena kwa maandishi

Haki ya kukifanya kitabu kuwa sauti ni ya mwandishi, au ya mchapishaji kama mwandishi alimkabidhi kwenye mkataba. Kununua nakala dukani hakukupi haki hiyo, na "mimi namtangazia kitabu chake bure" si utetezi. Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, Kenya ya mwaka 2001, na kote kuwili ulinzi unadumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo mwandishi akiwa marehemu, kuna warithi wa kuulizwa. Ukikwama, COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, na KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, ndiko pa kuulizia.

Kwenye makubaliano andikeni nani anamiliki rekodi, mapato yanagawanywaje, kitauzwa wapi na kwa muda gani. Ongezeni kipengele kinachosema kama sauti yako inaruhusiwa kulishwa kwenye programu za kuiga sauti za watu. Hiki kiandikwe hata kama mwandishi ni rafiki yako wa kunywa naye kahawa.

Hatua ya 2: Soma kitabu chote, kisha tengeneza daftari la kesi

Wasomaji wengi huruka hatua hii, na husikika. Soma kitabu hadi mwisho kabla hujawasha chochote. Waandishi wana tabia ya kutaja sauti ya mhusika wakiwa wamechelewa: sura ya 19 ndiyo inasema yule mpelelezi ana kigugumizi, wakati wewe umeshamsomea sura kumi na nane akitiririka kama mtangazaji wa mpira.

Daftari langu lina kurasa tatu. Ya kwanza ni ya watu: jina, umri, anatoka wapi, anaongea haraka au taratibu, na sura anayotokea mara ya kwanza.

Ya pili ni ya lugha ya mahakama. Hakimu si jaji: hakimu ni wa mahakama za chini, jaji ni kuanzia Mahakama Kuu. Kesi ya mauaji Tanzania huanzia mahakama ya chini, tuseme Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, ambako mshtakiwa husomewa shtaka lakini hatakiwi kujibu chochote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kuisikiliza. Kukana au kukiri kunangoja Mahakama Kuu. Msomaji asiyejua hili husoma ule ukimya wa kizimbani kana kwamba mshtakiwa ana kiburi au ana hatia, kumbe ni utaratibu tu. Usome ukavu, kama karani anavyosoma orodha. Vivyo hivyo "ana kesi ya kujibu" si hukumu. Ni jaji kusema upande wa mashtaka umeleta ushahidi wa kutosha kumtaka mshtakiwa ajitetee. Ukiitamka kwa sauti ya msiba, msikilizaji atadhani mambo yamekwisha.

Ukurasa wa tatu ni wa namba, na huu ndio wenye mitego. Amua mapema utasomaje "kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16", kwa sababu kitajirudia. Mimi hutamka namba nzima, mia moja tisini na sita, mara ya kwanza mwendesha mashtaka anaposoma hati ya mashtaka. Baadaye mawakili wakiwa wamepamba moto nasema "mia tisini na sita". Kwa Kenya utakutana na "kifungu cha 203 kikisomwa pamoja na 204". Vielelezo navyo: kama mwandishi ameandika P1, P2, chagua "pi wani" au "pi moja" na usibadilishe hadi mwisho.

Halafu kuna saa. Riwaya za kesi zinasimama juu ya saa: nani alikuwa wapi, lini. Mwandishi akiandika "saa 9 usiku", je, anamaanisha saa tisa ya kwetu, alfajiri haijakaribia, au ameihamisha ile ya ripoti ya polisi iliyoandikwa 2100, ambayo ni saa tatu usiku? Tofauti hapo ni saa sita, na saa sita zinatosha kumnyonga mtu au kumwachia huru. Kusanya kila saa iliyotajwa kitabuni kwenye orodha moja, mtumie mwandishi, athibitishe moja baada ya nyingine. Waandishi hugundua makosa yao wenyewe kwenye orodha hiyo.

Hatua ya 3: Gawa sauti bila kutoa siri

Usijaribu kuwa watu ishirini. Chagua watu wanne au watano wanaobeba kesi, hao wape sauti zao. Wengine watofautishe kwa mwendo tu. Mwendo ni mtumishi mzuri kuliko uzito wa sauti. Wakili wa serikali anaweza kusema sentensi fupi na kuacha pengo kila mwisho, wa utetezi akawa anaunganisha maneno hadi pumzi ikate. Hilo unaweza kulishika kwa siku nyingi bila koo kuuma. Sauti nzito ya kujilazimisha itakuwa imepotea kabla ya katikati ya kitabu.

Mahakamani adabu ni silaha. "Mheshimiwa Jaji, sina uhakika kama ndugu yangu wakili msomi amelielewa swali lake mwenyewe." Mstari huo ukiusoma kwa kejeli ya wazi umeuua. Usome kwa upole kabisa, tabasamu dogo mdomoni, punguza kasi kidogo kwenye "wakili msomi". Msikilizaji atacheka peke yake kwenye daladala.

Kisha aliyejificha. Kiswahili kinampendelea mwandishi wa visa hivi: "alifungua mlango, akavaa glavu" haitaji mwanamume wala mwanamke, na mwandishi mjanja ataikalia siri hiyo sura nzima. Sauti yako ndiyo inayoweza kuifichua. Ile simu ya usiku, ule ujumbe wa vitisho, yule mtu wa kwenye giza: vyote visome kwa sauti yako ya usimulizi, karibu zaidi na maikrofoni na kwa nguvu ndogo. Usimpe sauti ya mtu yeyote aliyemo kitabuni, hata ya kumsingizia mwingine. Wapo wanaopenda kumpotosha msikilizaji kwa kumpa muuaji sauti ya mtu asiye na hatia. Mimi naona ni udanganyifu, maana mwandishi hakuandika hivyo.

Hatua ya 4: Fanyia mazoezi maswali ya dodoso

Maswali ya dodoso, pale wakili wa upande wa pili anapomhoji shahidi, ndiyo moyo wa kitabu, na mara nyingi yameandikwa bila "alisema wakili" wala "alijibu shahidi". Angalia:

— Ulikuwa nyumbani.
— Nilikuwa nyumbani.
— Ulikuwa nyumbani?
— Nimeshajibu.

Mstari wa kwanza ni wakili anayemwekea shahidi maneno mdomoni. Wa tatu ni wakili anayetia shaka. Maneno ni yale yale, na kinachotenganisha ni mkunjo wa sauti mwishoni. Ukiinua sauti kwenye mstari wa kwanza, umelifanya kuwa swali la kawaida na mtego wote umefyatuka bure. Kwa hiyo chapisha sura za dodoso kwenye karatasi, pigia mstari kwa rangi mbili, moja ya wakili na moja ya shahidi, na juu ya kila sentensi chora mshale: unapanda, unashuka, au unabaki palepale.

Kasi ijengwe. Anza kivivu, wakili akiuliza mambo ya kipuuzi, kazi yako nini, unaishi wapi. Punguza mapengo kidogo kidogo. Swali la kuua likifika, usilipandishie sauti. Liachie pengo refu kabla ya jibu. Pengo hilo lirekodi papo hapo, usilibandike baadaye kwenye kompyuta, kwa sababu ndani yake mna pumzi ya shahidi.

Hatua ya 5: Chumba

Kabati la nguo lililojaa linashinda studio mbovu. Kama huna, tandika godoro ukutani nyuma yako, ning'iniza mablanketi pembeni, weka zulia chini. Piga kofi moja: ukisikia mlio unarudi, ongeza nguo. Zima feni na kiyoyozi, chomoa friji kama iko karibu. Paa la bati na mvua havina dawa, panga ratiba. Kwa mitaa mingi ya Dar usiku baada ya saa nne ndipo panatulia, na adhana ya alfajiri ndiyo kengele yako ya kufunga kazi.

Maikrofoni ya dainamiki ya USB ya bei ya kati, kama Samson Q2U, inasamehe kelele za nje kuliko ya kondensa, ile inayonasa kila mlio mdogo, hata ya bei kubwa, kwenye chumba kisichotulia. Kaa shubiri moja kutoka nayo, iwe pembeni kidogo ya mdomo ili "p" na "b" zisiipige usoni. Soksi ya nailoni iliyovutwa kwenye waya wa duara inafanya kazi ya kichujio cha dukani.

Hatua ya 6: Rekodi

Weka mono, 44.1 kHz, biti 24, faili la WAV. Vilele vya sauti vicheze kati ya desibeli -12 na -6. Kwenye Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, jifunze Shift+D: ukikosea, unarudisha kishale kabla ya kosa, programu inakuchezea sekunde chache za nyuma na kuanza kurekodi palepale. Ukimaliza sura, imeshanyooka. Vinginevyo utakaa wiki nzima ukikata makosa.

Kunywa maji ya vuguvugu, acha maziwa siku hiyo. Tofaa la kijani hupunguza ile milio ya mate. Rekodi sekunde thelathini za ukimya wa chumba kila kikao. Utazihitaji kuziba mapengo. Kompyuta iwe na chaji, maana umeme ukikatika katikati ya hukumu utaijua kazi.

Wahusika wakuu rekodia kila mmoja dakika moja ya mfano na uihifadhi kando. Kabla ya kila kikao isikilize. Shahidi aliyetokea sura ya 4 atarudi sura ya 31, na hutakumbuka alisikikaje.

Hatua ya 7: Sikiliza na kitabu mkononi

Hii afanye mtu mwingine kama inawezekana, kalamu mkononi. Aandike sura, dakika, kosa. Katika riwaya ya kesi makosa matatu ni ya lazima kurekebishwa: jina, saa, na neno la kukanusha lililorukwa. "Sikumwona" ikisomwa "nilimwona" umebadilisha ushahidi. Kurudia kurekodi fanya saa ile ile uliyorekodi mwanzo, na usikilize sentensi mbili za nyuma ili sauti iungane.

Kwa makadirio, saa moja iliyokamilika hula kama saa sita za kazi ukijumlisha kusoma, kuhariri na kusikiliza. Mwandishi ajue hili kabla hajakuuliza "bado tu?".

Hatua ya 8: Safisha na utoe faili

Fuata mpangilio huu: kata mngurumo chini ya hezi 80, kompresa (ya kupunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo) ya 2:1 au 3:1 isiyozidi, sawazisha wastani wa nguvu ya sauti, yaani RMS, kwenye desibeli -20, kisha limita (ya kuzuia vilele) kwenye -3.5. Vipimo vya ACX, mlango wa kuingilia Audible, duka la vitabu vya sauti la Amazon, ni RMS kati ya -23 na -18, kilele kisichovuka -3, na kelele ya chumba isiyozidi -60. Kila sura faili lake, lisizidi dakika 120, MP3 ya 192 kbps. ACX yenyewe imekuwa ikipokea wakazi wa Marekani, Uingereza, Kanada na Ayalandi, lakini vipimo vyake ni kipimo kizuri hata kama utauzia kwingine.

Fanya na toleo jepesi. Saa moja ya 192 kbps ni kama MB 86. Kwa 64 kbps mono inashuka hadi MB 29 hivi, na msikilizaji wa bando la wiki atakushukuru. Sauti ya mtu mmoja anayesoma inalivumilia hilo vizuri.

Mwisho, sampuli ya dakika moja hadi tano. Wengi hutamani kuchukua hotuba ya kufunga ya utetezi kwa sababu ndipo waliposoma vizuri kuliko kote, lakini hotuba hiyo hutaja kila siri ya kitabu. Chukua dodoso la shahidi wa pili au wa tatu, ukate mara tu baada ya swali gumu, kabla hajajibu.