Kabla Hujanunua Kibanda cha Mlimani Kaskazini mwa Norwe

Matangazo ya vibanda vya milimani huku kaskazini mwa Norwe karibu yote yamepigwa picha mwezi wa Julai. Jua halizami, ziwa limetulia, kibarazani kuna viti viwili na birika la kahawa. Bei nayo inavutia, hasa ya kile kisicho na umeme, maji wala barabara. Wenyewe wanaviita hytte na nchi nzima ina zaidi ya laki nne, kwa hiyo si ajabu Mswahili aliyekaa Tromsø au Alta miaka kadhaa naye akaanza kuchungulia. Chungulia tu, hakuna ubaya. Ila kila unachokiona pichani kiulizie swali hili: Februari kitakuwaje?

Kitu cha kwanza kumwomba muuzaji ni daftari la kibanda. Vibanda vingi vina daftari ambalo kila anayelala huandika mawili matatu: tarehe, upepo, kina cha theluji, kilichoharibika, nani alikuja naye. Muuzaji anaweza kusahau kukwambia kwamba mlango hufukiwa kila dhoruba ikitoka magharibi, daftari halisahau. Soma kurasa za Januari hadi Machi, za miaka mingi. Ukikuta miezi hiyo haina maandishi mwaka hadi mwaka, hilo nalo ni jibu: wenyewe hawaendi, na wana sababu zao.

Kisha njia. Usihesabu kilomita kutoka nyumbani kwako, hesabu kutoka pale gari la kusukuma theluji linapogeuzia. Barabara ya vumbi uliyopita Agosti ukisikiliza muziki inaweza kuwa haipo kabisa kuanzia Novemba hadi Mei. Wengi hujipa moyo kwamba watanunua skuta ya theluji, mambo yakaisha. Hayaishi. Sheria ya mwaka 1977 inakataza, kwa ujumla, kuendesha chombo cha mota nje ya barabara katika nyika za Norwe. Mwenye kibanda kilicho angalau kilomita 2.5 kutoka barabara inayosafishwa theluji anaweza kuomba kibali cha manispaa cha kusafirisha mizigo yake, na kama eneo hilo lina dereva mwenye leseni ya kubebea watu mizigo kwa malipo, manispaa inaweza kukuelekeza kwake badala ya kukupa kibali. Kibali hicho ni cha mizigo, si cha kutalii. Finnmark na kaskazini mwa Troms zina njia za skuta zilizowekewa alama, wazi kwa umma, lakini huko nako skuta hairuhusiwi kuanzia tarehe 5 Mei hadi 30 Juni. Na leseni yako ya gari peke yake haitoshi. Skuta ina daraja lake, S. Mambo haya yaulizie manispaa kabla ya kulipa hata shilingi, maana kibali alichokuwa nacho muuzaji si sehemu ya nyumba.

Zaidi ya sheria, kuna wiki ambazo hakuna chombo kinachofaa. Theluji ya Mei imeoza, ukikanyaga unazama hadi kiunoni. Ziwa halivukiki kwa miguu wala kwa mashua. Oktoba na Novemba hali hujirudia kinyumenyume, maji yanapoanza kuganda. Ushauri wa huku ni barafu ngumu isiyo na mapovu, angalau sentimita 10, kabla mtu hajatembea juu ya ziwa dogo, na zaidi ya hapo kwa skuta. Palipo na mto unaoingia au kutoka usipaamini hata Februari. Kuna pia maji yanayojificha kati ya barafu na theluji: juu panaonekana pakavu, skuta ikiingia inakwama kwenye uji wa barafu, na viatu vikilowa katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri safari imegeuka kuwa dharura.

Mlima wenyewe uangalie pia. Theluji huporomoka hasa kwenye miteremko inayozidi nyuzi 30, na huweza kuteleza mbali sana hadi kwenye tambarare ambayo macho yako yanakwambia ni salama. Mamlaka ya maji na nishati ya Norwe, NVE, ina ramani za maeneo ya hatari zilizo wazi kwa kila mtu, na huduma yake ya Varsom hutoa utabiri wa maporomoko ya theluji majira ya baridi kwa ngazi 1 hadi 5. Ramani ichunguze mara mbili: mahali kibanda kilipo, halafu njia nzima ya kufika. Mtu akikwambia kibanda kimesimama hapo miaka hamsini bila shida, mshukuru na uendelee kuangalia ramani.

Kiwanja ni suala jingine, na hapa watu husaini wasichokielewa. Sheria ya Finnmark ya mwaka 2005 ilihamishia karibu asilimia 95 ya ardhi ya mkoa huo kwenye taasisi ya Finnmarkseiendommen, inayojulikana kwa kifupi kama FeFo. Kwa hiyo mara nyingi unachonunua ni kuta na paa; ardhi unaikodi na kuilipia kila mwaka. Soma mkataba: kodi inapandaje, unaweza kuongeza banda la kuni au huwezi, miti iliyo karibu ni ya nani. Na ukumbuke unaingia kwenye malisho ya Wasami, wenyeji wa asili wa huku. Reinde wao, mifugo ya jamii ya kulungu, huhama kila mwaka kati ya bara na pwani, na Mei ndio mwezi wa kuzaa; reinde jike mwenye mimba akikimbizwa na mbwa wako hasara ni ya familia inayoishi kwa mifugo hiyo. Jua mapema njia za kuhamia zinapita wapi, ujitambulishe kwa wafugaji kama unavyojitambulisha kwa jirani yeyote.

Kibanda chenyewe kizunguke polepole. Juu ya mstari wa miti hakuna kinachovunja upepo, ndiyo maana baadhi ya vibanda vimefungwa kwa kamba za chuma zilizochimbiwa kwenye mwamba. Ukiziona usicheke, kagua kama zimeshika kutu. Mimi ningechagua kibanda cha chini kidogo, kwenye vichaka vya miti ya bjørk, nikose mandhari ya kadi ya posta na nipate usingizi. Mlango unaofunguka kwa ndani ni bora, kwa sababu unaofunguka kwa nje ukizibwa na theluji umekufungia. Beleshi moja litundikwe nje, juu chini ya paa, mahali ambapo theluji haifiki. Lililo ndani halitakusaidia siku utakayokuta mlango umefukiwa.

Sasa joto, ambalo ndilo kibanda chenyewe hasa. Nyumba iliyokaa mwezi bila moto imehifadhi baridi katika kila kitu: magogo ya ukuta, magodoro, sufuria, hata kurasa za vitabu. Utawasha jiko, baada ya saa mbili hewa itakuwa nzuri, utavua koti, halafu utaketi kitandani na kuruka. Kipimajoto kimepima hewa. Godoro bado ni barafu. Fika mchana, simamisha magodoro karibu na jiko bila kuyagusisha, na usiku wa kwanza lala ndani ya mfuko wa kulalia uliokuja nao kutoka nyumbani ukiwa mkavu.

Kuwasha nako kuna utaratibu. Kwanza toka nje uhakikishe kichwa cha dohani hakijazibwa na theluji. Dohani iliyopoa imejaa hewa nzito inayokataa kupanda. Ukiwasha kuni moja kwa moja, moshi wote unarudi chumbani. Viringisha ukurasa wa gazeti, uuwashe karibu kabisa na tundu la dohani, usubiri usikie unavuta kwenda juu, ndipo uguse vijiti na gome la bjørk. Anza na moto mdogo, kwa sababu chuma cha kusubu kilichoganda kikipata moto mkali ghafla huweza kupasuka. Kuni ziwe zimepasuliwa na kukaushwa tangu kiangazi, unyevu chini ya asilimia 20. Kuni mbichi zinatoa moshi mwingi, joto kidogo, na masizi yanayokuja kuwaka ndani ya dohani. Desturi nzuri ya huku ni kutoondoka kabla ya kujaza sanduku la kuni lililo ndani. Atakayefuata, pengine wewe mwenyewe ukiwa na vidole visivyokunjika, asilazimike kuchimbua banda gizani.

Tuliokulia kwenye jiko la mkaa tunazijua habari za watu waliolala nalo ndani na wasiamke. Hewa ile ile ya sumu hutoka kwenye jiko la kuni lisilovuta vizuri na kwenye hita ya gesi. Weka kifaa cha kuitambua, pamoja na king'ora cha moshi na mtungi wa kuzimia moto; hivi viwili vya mwisho sheria inavidai hata kwa vibanda vya mapumziko. Majivu yaingie kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, na ndoo ikae nje mbali na ukuta; kaa lililofunikwa na majivu huishi muda mrefu kuliko unavyodhani.

Kwa gesi, angalia kilichoandikwa kwenye mtungi. Gesi ya kupikia tuliyoizoea Dar au Mombasa ni mchanganyiko wa propani na butani, na butani huacha kugeuka mvuke baridi ikifika karibu sifuri. Mtungi unakuwa mzito, umejaa, na hautoi kitu. Propani huendelea hadi nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo ndiyo ya kununua. Kwa kumbukumbu tu, Karasjok iliwahi kupima nyuzi 51.4 chini ya sifuri mwaka 1886, lakini siku ya namna hiyo hupaswi kuwa njiani hata kidogo.

Sola ni nzuri kuanzia Machi, na Aprili ni tamu kwelikweli kwa sababu theluji inarudisha mwanga. Lakini Tromsø jua halichomozi kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari, na paneli haina cha kuvuna. Ifunge wima kwenye ukuta wa kusini, theluji isikae juu yake. Betri za asidi ziache zikiwa zimejaa, kwani iliyoishiwa huganda na kupasuka. Za lithiamu zisichajiwe zikiwa chini ya sifuri. Panga maisha ya taa ndogo, redio na simu. Anayetaka friji na televisheni anunue kibanda chenye nguzo ya umeme mlangoni.

Maji utayatoa kijitoni au kwenye theluji. Theluji mpya laini ni hewa tupu: ndoo ya lita kumi hutoa takriban lita moja, na sufuria iwe na maji kidogo chini kabla hujaitia, isije ikaungua. Miaka panya wa lemming wanapoongezeka na kufa hovyo, chemsha hata maji ya kijito kinachong'aa, maana panya hao huleta ugonjwa ambao Wanorwe huuita harepest, yaani tauni ya sungura. Panya wa kawaida nao wataingia. Ziba kila tundu kwa stiliwaya ya kusugulia sufuria. Usiache makopo wala chupa za maji ndani, vitapasuka. Choo kiko nje, na kiti chake kiwe cha povu gumu jeupe, lile la kufungashia friji. Halikupi baridi hata kidogo, na ni uvumbuzi ninaouheshimu kuliko sola.

Bima ya moto ichukue; kwa Norwe inabeba pia bima ya majanga ya asili kama dhoruba na maporomoko.

La mwisho ni mawasiliano. Usitegemee simu, ijaribu mahali penyewe kabla ya kununua. Dishi la setilaiti za ikweta huku huelekezwa karibu mlalo, hivyo mlima ulio upande wa kusini unalizima. Vifaa vidogo vya ujumbe vinavyotumia Iridium hufanya kazi, kwa sababu setilaiti zake hupita juu ya ncha za dunia. Uokoaji haukutozi pesa: kituo cha Bodø huratibu, Msalaba Mwekundu hutoa watu wa kujitolea. Lakini helikopta nayo husubiri hewa itulie, kwa hiyo uwe na chakula na kuni za kukuzidishia siku kadhaa. Kanuni tisa za mlimani, ambazo kila mtoto wa Norwe anazijua, zinasema hakuna aibu kurudi. Ongezea moja ya nyumbani: mwachie mtu karatasi yenye njia utakayopita, viwianishi vya kibanda, rangi ya skuta na saa utakayopiga simu. Mkubaliane kabisa kwamba Jumapili saa mbili usiku ikipita kimya asikuonee haya wala asingoje asubuhi, apige 112.