Jinsi ya Kulinganisha Shule za Mkataba na Shule za Umma za Kawaida Nchini Marekani

Mzazi anayemtafutia mtoto shule nchini Marekani aanze kwa kufahamu kwamba shule ya mkataba, ambayo wengi huiita chata, ni shule ya umma. Huendeshwa kwa fedha za kodi, haitozi karo, hairuhusiwi kumkataa mtoto kwa sababu ya rangi au dini yake, na wanafunzi wake hufanya mitihani ileile ya jimbo. Tofauti iko katika uongozi. Shule ya kawaida iko chini ya wilaya ya shule, ambayo mara nyingi husimamiwa na bodi iliyochaguliwa na wapiga kura, ilhali shule ya mkataba ina bodi yake, ambayo kwa kawaida haichaguliwi na wapiga kura wa wilaya, inayofanya kazi kwa idhini ya mamlaka fulani. Kulingana na jimbo, mamlaka hiyo inaweza kuwa wilaya, chuo kikuu au chombo cha serikali ya jimbo. Minnesota ndiyo iliyotunga sheria ya kwanza ya shule hizi mwaka 1991, na mwaka uliofuata ya kwanza ikafunguliwa mjini St. Paul. Kufikia mwaka wa masomo wa 2021–22 zilikuwa zimefika takriban 7,800, zenye wanafunzi wapatao milioni 3.7.

Hatua ya kwanza ni kuusoma mkataba wenyewe, au walau kuuliza unasema nini. Shule hizi husamehewa sehemu ya kanuni zinazozibana shule nyingine, kama vile za ratiba, mtaala na ajira ya walimu, na badala yake huahidi matokeo ndani ya muda uliowekwa, ambao katika majimbo mengi ni miaka michache tu, ingawa huko Arizona mkataba wa kwanza huwa wa miaka 15. Ahadi isipotimizwa, au fedha zikitumiwa vibaya, mkataba unaweza kukatwa na shule ikafungwa. Kwa hiyo uliza mkataba unaisha mwaka gani, na uombe ripoti ya mwisho ya tathmini kutoka kwa mamlaka iliyoidhinisha shule. Hili si jambo dogo: Januari 2018 shule kubwa ya mkataba ya mtandaoni huko Ohio, iliyokuwa na wanafunzi wapatao 12,000, ilifungwa katikati ya mwaka wa masomo, na familia zikalazimika kutafuta nafasi kwingine kwa haraka.

Hatua ya pili ni matokeo, na hapa ndipo wengi hupotoshwa na matangazo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba katika hisabati ni asilimia 17 tu ya shule za mkataba zilizolinganishwa ambazo zilizishinda shule za kawaida, na asilimia 37 zilifanya vibaya zaidi. Utafiti wa chuo hichohicho uliotolewa mwaka 2023 ulikuta wanafunzi wa shule za mkataba wametangulia kidogo kwa wastani katika kusoma na hisabati, lakini wale wa shule za mkataba za mtandaoni wakiwa nyuma sana. Mtu anaweza kuchukua utafiti wowote kati ya hiyo miwili akatetea upande autakao. Ninavyoona mimi, wastani wa nchi nzima haumsaidii mzazi. Linalomfaa ni kulinganisha shule moja ya mkataba na shule ileile ambayo mtoto angepangiwa kwa anwani yake. Sheria ya shirikisho ya mwaka 2015 inalitaka kila jimbo kuchapisha taarifa za kila shule ya umma, zikiwa zimechanganuliwa kwa makundi, wakiwemo wanafunzi wanaojifunza Kiingereza na wenye ulemavu. Usiishie kwenye asilimia ya waliofaulu, kwa sababu hiyo huathiriwa sana na hali ya familia walikotoka. Tazama wanafunzi wamepiga hatua kiasi gani kutoka mwaka mmoja hadi mwingine.

Kwa familia zilizohamia Marekani, haki zilizopo ni zilezile katika aina zote mbili za shule. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1974 kwamba watoto wasiojua Kiingereza lazima wasaidiwe ili waweze kufuata masomo, na mwaka 1982 ikaamua kwamba mtoto hawezi kunyimwa elimu ya umma kwa kukosa hati za uhamiaji. Mzazi asiyeelewa Kiingereza ana haki ya kupewa taarifa muhimu kwa lugha anayoielewa. Shule ya mkataba ikikuambia kwamba haina huduma za mtoto mwenye ulemavu, usiondoke na jibu hilo. Uliza ni nani anayebeba wajibu huo kisheria, shule yenyewe au wilaya, maana hubadilika kutoka jimbo hadi jimbo, na kwa vyovyote vile lazima awepo anayeubeba.

Kuhusu kujiunga, shule ya kawaida humpokea mtoto wa eneo lake siku yoyote ya mwaka, lakini ya mkataba huwa na tarehe ya mwisho ya maombi, na waombaji wakizidi nafasi hupigwa bahati nasibu. Mara nyingi ndugu wa wanafunzi waliopo hupewa kipaumbele. Uliza pia kuhusu basi, kwani si kila jimbo linalozilazimisha shule za mkataba kutoa usafiri.

Kisha itembelee shule wakati wa masomo. Uliza walimu wangapi waliondoka mwaka uliopita, wangapi wana leseni ya jimbo, na ni wanafunzi wangapi waliosimamishwa masomo. Nidhamu kali huwafaa watoto wengine na kuwaumiza wengine. Mikutano ya bodi kwa kawaida huwa wazi kwa umma, na kuhudhuria mmoja hufunua mengi kuhusu matumizi ya fedha.

Wakati unasubiri matokeo ya bahati nasibu, mwandikishe mtoto katika shule ya eneo lako, na utunze nakala za rekodi zake za masomo na chanjo. Hata akipata nafasi katika shule ya mkataba na baadaye isimfae, shule hiyo ya eneo haiwezi kumkatalia kurudi, na rekodi hizo zitamwezesha kuendelea na masomo bila kucheleweshwa.