Mpandishe mtoto kwenye farasi, halafu mwachie mgongo wake

Mwaka wangu wa kwanza wa kuwafanyisha watoto wenye ulemavu mazoezi ya viungo juu ya farasi, nilikuwa naharibu kazi bila kujua. Binti wa miaka minane mwenye mtindio wa ubongo yuko juu ya farasi, mimi natembea ubavuni nimemkumbatia kiuno utadhani gunia la viazi kwenye bodaboda. Mtaalamu wa viungo aliyemleta akatutazama mizunguko mitatu, akaniuliza, "Kaka, anayefanya mazoezi hapo ni nani, yeye au wewe?"

Basi kwa anayetaka kuanza, nasema ninavyofanya sasa huku Mufindi.

Daktari kwanza, farasi baadaye. Mtoto mwenye nyonga iliyochomoka, kifafa ambacho dawa haijakituliza, au vidonda vya kukalia, simpandishi hata mama yake akinisihi. Mwenye ugonjwa wa Down apimwe shingo kabla, maana pingili za juu zinaweza kuwa zimelegea.

Farasi nimtakaye ni mzee, mfupi, asiye na haraka. Wetu ni jike tunayemwita Bibi. Kabla hajambeba mtoto yeyote nilimpitishia kiti mwendo kila upande, nikamwangushia magongo karibu na kwato, nikapeperusha mfuko wa nailoni usoni pake. Alipoanza kusinzia nikajua anafaa.

Tengeneza jukwaa lenye mteremko wa kupandishia kiti mwendo. Mbao za paini huku si shida. Kumnyanyua mtoto kutoka chini kunamtisha yeye, na kunauma mgongo wa farasi na wako pia. Kofia ngumu avae kabla hajasogea jukwaani.

Na baridi, jamani. Mwezi wa sita na wa saba ukungu wa asubuhi huku unakaza misuli hata ya mzima, sembuse ya mtoto ambaye imekaza tayari. Mimi naanza saa nne, jua likishatoka. Tandiko siweki; natandika blanketi nene na mkanda wenye vishikio. Joto la farasi, nyuzi kama 38, linapanda mapajani, na baada ya dakika chache utaona magoti yaliyokuwa yamebanana yanaachana yenyewe.

Mnahitajika watatu: mmoja wa kushika kamba, wawili ubavuni. Wa ubavuni alaze mkono juu ya paja la mtoto, karibu na goti, basi. Kiuno asikiguse. Farasi akitembea, nyonga za aliyempanda zinasukumwa mbele na nyuma, kulia na kushoto, karibu kama za mtu anayetembea kwa miguu yake. Mgongo unalazimika kujisawazisha kwa kila hatua, na ukimshikilia mtoto umeinyang'anya misuli yake kazi hiyo. Akiegemea upande, hesabu moja, mbili, tatu kabla ya kumsaidia. Tatu hiyo ni ndefu sana, naijua.

Mshika kamba aende mwendo mmoja, akate kona pana, kisha asimame na kuondoka tena, taratibu. Kusimama na kuondoka ndiko kunakofundisha kichwa kukaa wima. Kukimbia hakuna.

Kuna jirani aliyeniambia huu ni mchezo wa wazungu tu. Nikamsimulia habari za Lis Hartel, mpanda farasi wa Denmark: polio ilimpata mwaka 1944 ikamwacha amepooza chini ya magoti, hata kupanda farasi alihitaji kusaidiwa, na mwaka 1952 akachukua medali ya fedha ya Olimpiki kule Helsinki. Jirani alinyamaza, ila bado ananidai mbolea ya farasi ya bure.

Dakika 20 zinatosha, au pungufu ukiona kichwa kinaanza kuinama. Akishuka usimwachie papo hapo, miguu itakuwa inatetemeka. Yule binti huwa namweka kwenye kiti chake, nampa brashi, anamsugua Bibi shingoni mpaka mama yake aje kumchukua.